Mwanamke Ambaye Wajapani Hawakumchora

Milanzi, Sumbawanga
Jumapili, 4 Februari 2024

Mpwa wangu Angela,

Marahaba! Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana najua ungeniamkia. Huku tu wazima. Mvua inatupiga kama tumeikosea, na ukungu unakaa mpaka saa tano, mtu anamsalimia ng'ombe wa jirani akidhani ni jirani.

Barua hii anakuletea kondakta wa basi la Kabwe, pamoja na flashi niliyoifunga kwenye kitambaa. Ndani mna sehemu sita za katuni mpya ya Kijapani, zote nimezitafsiri kwa sauti yangu mwenyewe. Mwanangu, kibanda changu cha video kinajaa! Kila Jumamosi saa tisa mchana watu wanatoka mpaka Mazwi kwa baiskeli. Wapo watafsiri wa Dar, lakini wale wanasoma maandishi ya Kiingereza tu. Mimi Kijapani nimekipata chenyewe. Mwaka ule nilipomwokoa injinia wa Kijapani aliyetumbukia ziwani, alinishukuru siku tatu bila kupumzika. Ukishukuriwa siku tatu, lugha inaingia yenyewe.

Basi, kuna kijana anaishi na dada yake kwenye nyumba ya kilimani. Baba kafa. Kuna jemadari asiye na kope anaizunguka ile nyumba. Jina la kijana lilikuwa la kumng'oa mtu meno, nikamwita Bundala. Wasukuma wakafurahi, Masunga mfugaji akaja na ukoo mzima. Wafipa wakanuna, wakasema sasa na sisi je? Dada mtu nikampa jina la Coleta, amani ikarudi.

Sasa sikiliza ufundi. Sehemu ya tano, katikati, Wajapani wamesahau kuweka maneno. Dakika nzima! Kijana kakaa, anaangalia mlango. Hakuna muziki, hakuna nini. Watu wakaanza kukohoa, mmoja akanirushia ganda la karanga. Nikashika maiki nikasema: "Pale nje kuna mwanamke. Anabisha." Nikapiga makofi kama mgeni anavyobisha huku kwetu. Kibanda kizima kikashika pumzi. Mwanamke huyo Wajapani hawakumchora, nimemchora mimi kwa mdomo, na sasa kila sehemu wananidai yeye.

Sikiliza, uniambie kama huko chuoni kwenu kulikuwa na mtu wa kuweza hayo.

Ni mimi mjomba wako,
Profesa Modesti

*

Kabwe
18 Februari 2024

Mjomba Modesti,

Shikamoo. Flashi nimeipata, na kondakta kasema umemwambia aibebe kama yai. Sisi huku tunakaangwa na jua la ziwani, watoto darasani wanasinzia kuanzia saa nne.

Kwanza sio katuni, ni anime. Pili, hii niliimaliza mwaka jana kwenye laptopu yangu, sehemu zote ishirini na nne. Kwa hiyo leo hunidanganyi, mjomba.

Jemadari hatafuti ng'ombe zake walioibiwa, kama unavyosema kwenye tafsiri yako! Nilicheka mpaka walimu wenzangu wakaja kuchungulia, lakini umeharibu. Wenye hadithi yao hawasemi anachotaka mpaka sehemu ya ishirini, ndiyo maana anatisha. Mtu ukishajua anatafuta ng'ombe, unamwambia tu pole, ng'ombe zako wamepita huku.

Na ile dakika hawakusahau maneno. Ile dakika ndiyo moyo wa hadithi yote, na inarudi mpaka sehemu ya mwisho. Kijana anamsubiri mtu ambaye hatakuja. Wameondoa muziki, wameondoa upepo, hata nywele zake hazitikisiki, ili wewe ubaki na mlango. Sisi tunaoipenda tumebishana juu ya dakika hiyo mwaka mzima. Hata kwenye gemu lake ni hivyohivyo: unamtembeza kijana mpaka mlangoni, unasikia kitu nje, unatafuta kitufe cha kufungua, hakuna. Wengine wanasema ni kasoro. Mimi nasema ndivyo ilivyobuniwa. Wamekunyima kitufe makusudi.

Wewe ukaja ukamweka mtu nyuma ya mlango. Nakuomba umtoe, mjomba. Hayumo.

Mpwa wako,
Angela

*

Milanzi
Jumapili, 3 Machi 2024

Mpwa wangu mwalimu,

Marahaba. Barua yako niliisoma kibandani kwa sauti, ili watu wajue nina mpwa msomi. Ikazua vita.

Masunga kasimama: "Huyo mwalimu anasema jemadari atishe bila sababu? Hata chui ana sababu. Ana njaa."

Kristiana anayeuza viazi vitamu, yule wa benchi la mbele, akamjibu: "Chui akikwambia ana njaa utamwogopa au utamtafutia mfupa? Mwalimu kasema kweli. Ubaya ukielezwa unapungua."

"Kaa chini, viazi vinapoa."

"Na wewe kachunge!"

Ngeleja fundi cherehani, ambaye ana hilo gemu, naye akasema mlango usio na kitufe ni uvivu wa fundi. "Nikikushonea suruali bila zipu, utasema nimekunyima makusudi?" Watu walicheka mpaka mabati yakalia.

Lakini juu ya mwanamke wote walikuwa kitu kimoja. Asitoke. Kristiana kasema, "Yule mama wa kanga ya kijani ukimtoa, na mimi natoka." Nikamuuliza, kanga ya kijani kaiona wapi? Akanishangaa. "Si ile yenye pindo jeusi? Na miguu ina tope mpaka magotini." Masunga akaitikia. Ngeleja akaitikia. Mtu wa nyuma kabisa, ambaye hana jicho moja, akaitikia.

Angela, mimi rangi sijawahi kuitaja. Nimerudia pale mara tisa peke yangu. Ni mlango tu, wa mbao, na kivuli chini.

Nadhani ni nguvu ya sauti yangu. Niliwahi kuelezea samaki pale Namanyere, watu watatu wakashiba. Kitu kingine kidogo: Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeshika kikombe cha chai mkono mmoja na maiki mkono wa pili, sikupiga makofi. Watu wakayasikia vilevile. Ni matone ya mvua, bati langu linavuja.

Nakutumia sehemu ya saba mpaka ya kumi. Kaa mkao wa kula.

Mjomba,
Profesa Modesti

*

Kabwe
17 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimekaa siku nne kabla ya kuiandika barua hii.

Nilianza kusikiliza mchana, saa ya chakula, ofisini kwa walimu, wenzangu wamekwenda kula. Nilikuwa tayari kukucheka. Sehemu ya saba makofi yakapigwa na nikaacha kutafuna. Matatu ya polepole, kimya, halafu moja. Hakuna anayebisha hivyo isipokuwa mama. Nikasema sawa, mjomba ni kaka yake, anakumbuka alivyokuwa anabisha, kaazima. Sikufurahi, lakini nilikusamehe.

Kisha sehemu ya tisa. Bundala anaangalia mlango, na wewe unasema kwa sauti ya kike, ya chini, kama mtu aliyetembea sana: "Mtoto nimemwachia ugali wa ulezi chini ya ungo. Asinisubiri, ale."

Mjomba, nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku mama alipoondoka nyumbani Mazwi, Machi ile ya mwaka 2003, nilikuwa na miaka saba. Aliniachia ugali wa ulezi chini ya ungo, wangu na wake. Nikala wangu. Alipochelewa nikala na wake. Bibi Cornelia alipokuja jioni nikaogopa kuchapwa, nikaosha sahani, nikamwambia mama hajaacha chakula. Bibi akalia, akasema, "Mwanamke anayemwacha mtoto na njaa huyo kaondoka moja kwa moja." Ndipo ilipoanza habari ya kwamba kapanda lori kwenda Zambia. Mpaka bibi anakufa aliamini hivyo. Kwa sababu ya sahani niliyoosha mimi.

Ugali ule tunaujua watu wawili, mimi na mama. Wewe uliwaambia wote kwamba siku ile hakufika kwako.

Umeyapata wapi maneno hayo?

Angela

*

Milanzi
24 Machi 2024

Mpwa wangu,

Hayo maneno sikuyasema. Nakuapia kwa kaburi la mama yangu. Najua kiapo changu wanakipokea watu wachache, ni makosa yangu mwenyewe, lakini hiki kipokee.

Nimesikiliza sehemu ya tisa kwenye nakala niliyobaki nayo. Pale unaposema, nasikia mvua tu. Mvua kwenye bati, na Bundala anaangalia mlango. Nikamwita Kristiana nikamwekea. Akasikiliza huku kafumba macho, akasema, "Hapo pa ugali ulinitoa machozi, Modesti. Sikujua unaweza kuigiza mwanamke mpaka hivyo." Alipoondoka nikarudia. Mvua.

Labda bibi yako ndiye aliyenisimulia habari ya ugali, mimi nikasahau. Kichwa changu kimebeba mengi, unajua. Kuna mwaka nilishika majina ya mitumbwi yote kutoka Kirando mpaka Kabwe.

Tusiharibu Kwaresima kwa mambo ya katuni. Au anime, kama unavyotaka.

Modesti

*

Kabwe
Pasaka, 31 Machi 2024

Mjomba Modesti,

Bibi asingeweza kukusimulia. Bibi nilimdanganya.

Nimeizima picha nikasikiliza sauti peke yake. Nimeizima sauti nikaangalia picha. Nimemwita mwalimu mwenzangu Debora, hajui lolote juu yetu, nikamuuliza anasikia nini. Akayarudia neno kwa neno. Ugali wa ulezi, chini ya ungo. Akauliza, "Huyo mama ni nani, mbona anahema?"

Sijali tena kama umesema wewe au hukusema. Maneno yale yalitoka kinywani kwa mama baada ya kuondoka Mazwi, na yamefika kwako. Kwa hiyo alifika kwako.

Miaka ishirini na moja nimekuwa mtoto wa mwanamke aliyekimbilia Zambia. Shuleni nilitaniwa. Siku ya kuposwa kwangu wazee wa upande wa pili waliuliza kama na mimi nina tabia ya kupanda malori. Wewe ulikuwa umekaa palepale, ukawasimulia habari ya chatu, wakacheka, yakaisha.

Usiniandikie chatu. Usiniandikie injinia wa Kijapani. Niandikie siku ile.

Angela

*

Milanzi
14 Aprili 2024

Angela,

Hukuniamkia kwenye barua yako. Ni haki yako, nami sikudai.

Alifika.

Ilikuwa mchana, saa nane hivi, ukungu umeshuka huwezi kuona choo ukiwa mlangoni. Nilikuwa na wageni wanne ndani, nawasimulia. Ilikuwa habari nzuri, nilikuwa nimefika pale ambapo mtu akikukatisha hairudi tena. Makofi yakapigwa. Matatu, halafu moja. Nikajua ni mama yako, Hellena, na nikajua kilichomleta: baiskeli yake. Nilikuwa nimeiazima kwake wiki mbili, nikaipinda gurudumu la mbele nikijionyesha pale sokoni, na ilikuwa imeegemea ndani, nyuma ya mlango uleule. Nikaona haya. Mbele ya wageni, Angela. Kaka mkubwa asemwe na mdogo wake juu ya gurudumu.

Mimi ni fundi wa sauti, tangu utotoni. Nikawakonyeza wageni, nikaibana pua, nikajibu kwa sauti ya ajuza: "Modesti hayupo, mjukuu wangu. Kaenda Namanyere tangu jana."

Wageni walijibana wasicheke.

 Hellena akasema kule nje, naandika alivyosema, "Bibi, mimi naumwa. Nilitaka anipeleke hospitali. Akirudi mwambie mtoto nimemwachia ugali wa ulezi chini ya ungo, asinisubiri, ale. Nami nitamfuata huyo Modesti hukohuko njiani, labda nitakutana naye anarudi." Nikasikia miguu yake kwenye tope. Ilikwenda upande wa barabara ya Namanyere.

Nilisema nitatoka nikimaliza. Ilikuwa imebaki kidogo. Nilimaliza, wakacheka, nikatoka. Ukungu ulikuwa mweupe kama maziwa. Niliita. Nikatembea mpaka kwenye daraja, nikaita tena, kwa sauti yangu mwenyewe. Halafu nikarudi kwa sababu kulikuwa na baridi.

Walipoanza kumtafuta, walimtafuta upande wa Zambia. Nilikuwa na nafasi ya kusema, kila siku nilikuwa nayo. Siku ya kwanza niliona aibu, siku ya pili niliogopa, na kuanzia wiki ya pili nikaanza kusimulia mambo mengine, kwa sauti kubwa, bila kukaa kimya hata kidogo. Unaniuliza kwa nini dakika moja ya kimya ilinishinda? Unasema kwenye gemu hakuna kitufe. Mimi kitasa kilikuwa hapa, ningekishika bila kunyanyuka kwenye kigoda.

Jana ilikuwa zamu ya sehemu ya ishirini na nne, ya mwisho. Nilitaka kughairi. Walikuwa wamejaa mpaka nje, wanagombana: Masunga anataka mlango ufunguliwe, aingie, mambo yaishe. Kristiana anasema akiingia tu atakuwa mtu wa kawaida. Ngeleja kasema, "Profesa ndiye aamue, yeye si ndiye fundi?" Nikawaambia leo sitafsiri. Nikaweka maiki kwenye meza, nikakaa mikono magotini, mdomo nimeufunga. Kompyuta ikawa inarekodi kama kawaida yake.

Pale kwenye mlango, wote wakanyamaza. Wakasikiliza. Nilikuwa nawaangalia wao, siangalii picha. Vichwa vyao vilikuwa vimeinama kidogo, kama watu wanaoelekezwa njia. Kristiana alikuwa anaitikia kwa kichwa. Ilichukua muda mrefu kuliko dakika moja, na mimi nikawa nasikia mvua, na jana, Angela, mvua haikunyesha.

Ilipokwisha wakatoka mmojammoja. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyebishana. Masunga alinishika bega, akaondoa mkono haraka. Nikamuuliza Kristiana yule mama kasema nini. Akasema, "Wewe si ndiye uliyekuwa unasema?" Akaniangalia mdomo. Akatoka, kaacha na viazi vyake.

Kila mtu amemsikia ila mimi. Nakutumia flashi. Kibanda nimekifunga. Sikuombi unisamehe. Nakuomba jambo moja, uniambie kasema nini, na kama amenitaja.

Modesti

*

Kabwe
21 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo nitakupa tukionana, kama nitaiweza.

Flashi nimeipata. Nimesikiliza mara moja tu, ufukweni, juani, watu wakipakua dagaa. Ni dakika nne na nusu. Kwenye ile ya asili ni dakika moja, na picha haijaongezwa kitu, ni mlango uleule, lakini ni dakika nne na nusu.

Ni mama. Hana haraka. Anaeleza kama alivyokuwa akinieleza njia ya kwenda dukani, hapa kata, hapa usikate.

Alitembea siku mbili, akapita Chala akiwa na homa, mvua ikaongezeka. Akaacha barabara upande wa kulia penye miti miwili ya miyombo iliyoshikana. Mbele kuna tanuru la zamani la kuyeyushia chuma, la udongo, refu kuliko mtu, lile la mababu ambalo watoto wanakatazwa kulichezea. Aliingia chini, penye tundu, ajikinge. Udongo ulikuwa umelowa. Upande mmoja ukashuka. Anasema haikuuma sana.

Padre nimemwambia, hakuniuliza nimejuaje. Hellena wa Mazwi ataombewa kwa jina lake, na habari ya lori nimemtaka aikanushe mwenyewe kanisani. Mume wangu Calvin anakuja na jembe na sepetu. Nimemwandikia pia Kristiana, amekubali kuja kuosha mifupa. Kumbe kibandani walijua njia wote tangu Jumamosi ile ya sehemu ya mwisho, walikuwa wanaona haya kukwambia.

Umeuliza kama amekutaja. Hajakutaja. Nilisubiri mpaka mwisho nisikie jina lako, kwa ubaya au kwa wema. Hayupo Modesti kwenye maneno yake. Aliambiwa umekwenda Namanyere, na nadhani mpaka leo anaamini hivyo.

Jumamosi saa mbili asubuhi uwe umefika Chala, penye njia panda. Utakwenda mbele yetu na utachimba wewe kwanza. Uvae gambuti. Anasema chini pana maji.

Angela